Saa Nane Usiku kwenye Shajara ya Shangazi

Kila siku akitoka shule, Chapchap alipitia kwanza kwenye karakana ya shangazi yake. Alivua viatu vya shule mlangoni, akavaa kandambili kwa sababu sakafu ya pale haikukosa unga wa plasta, akanawa mikono, kisha akaketi mbele ya kompyuta iliyokuwa pembeni, chini ya rafu ya miguu. Ndiyo, miguu. Shangazi alikuwa fundi wa miguu bandia, na kwenye rafu ile ilipangwa mirefu na mifupi, ya kulia na ya kushoto, kila mmoja ukiwa na kikaratasi kilichoandikwa kazi au jina la utani la mwenyewe.

Jina la Chapchap alilipata kwa kaka yake. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kusikiliza swali mpaka mwisho kabla ya kulijibu. Alikimbia akitumwa, alikimbia akirudi, na mara nyingine alikimbia kabla hajaambiwa anatumwa nini.

Kazi yake pale karakana ilikuwa shajara, yaani orodha ya miadi ya wateja kwa kila siku. Zamani Shangazi aliiandika kwenye daftari. Siku moja ndoo ya plasta ikapinduka juu ya daftari hilo, na ilipofika jioni miadi ya mwezi mzima ilikuwa imeganda kama tofali. Hapo ndipo Kaka, aliyekuwa anasomea kompyuta chuoni, alipoihamishia shajara kwenye kompyuta ile kongwe. Haikuwa na nguvu ya kuendesha programu nzito, kwa hiyo alitumia programu nyepesi ya kuandikia maandishi matupu. Ndani yake mlikuwa na kalenda iliyoonyesha miezi mitatu kwa pamoja. Shajara yenyewe ilikuwa faili la kawaida: kila mstari una tarehe, saa na jambo. Ukisimama juu ya siku fulani kwenye kalenda na kubonyeza herufi moja, programu inakusomea faili na kukuonyesha mambo ya siku hiyo.

"Haina picha wala mbwembwe," Kaka alimwambia siku ya kuondoka, "lakini kila unachokiona hapa unaweza kukibadilisha. Kuna faili la mipangilio. Unaandika mstari, unahifadhi, unafunga na kufungua tena, basi, inakutii."

Akamwachia kurasa tatu za maelezo alizoziandika kwa mkono. Ukurasa wa kwanza Chapchap aliusoma vizuri. Wa pili aliupitia. Wa tatu aliukunja mara nne akauweka chini ya kibodi, maana ilikuwa ina mguu mmoja mbovu na ilicheza kila alipoandika.

Hata hivyo, tusimwonee. Kwa ukurasa mmoja na nusu alifanya makubwa. Kalenda ilikuwa inaanza wiki kwa Jumapili. Akaifanya ianze kwa Jumatatu. Majina ya miezi yalikuwa ya Kiingereza. Akayaandika kwa Kiswahili. Siku zenye miadi akazitia nyota nyekundu ili zionekane kutoka upande wa pili wa karakana. Shangazi alikuja akiwa na msasa mkononi, akaitazama, akasema sasa hii kalenda imepata adabu.

Lililobaki kumsumbua Shangazi lilikuwa saa. Programu ilionyesha saa kwa mtindo wa ishirini na nne, kama kwenye tikiti ya ndege. Kila mara alipoona 14:00 ilibidi aweke chini alichoshika na kuhesabu kwa vidole mpaka afike saa nane mchana, na vidole vyenyewe vilikuwa na gundi.

"Mimi tangu nizaliwe jua likichomoza ni saa kumi na mbili," alisema. "Leo mashine inaniambia ni saa sita. Sita ya wapi?"

Chapchap akamwomba Kaka msaada kwa simu. Kaka akamtumia mistari saba ya kuandika kwenye faili la mipangilio: ichukue saa, iondoe sita, kisha iongeze neno asubuhi, mchana, jioni au usiku kulingana na wakati. Mistari saba, lakini mabano yake yalikuwa mengi, na ukisahau moja tu kalenda nzima inagoma. Chapchap aliandika, ikagoma. Akaandika upya, ikagoma. Siku ya pili, alipofungua siku ya kesho, skrini ikamwonyesha: "Saa 8:00 mchana, fundi mwashi, kupima goti." Shangazi akaisoma mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho bila kuinua kidole hata kimoja. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa koti. Chapchap alirudi nyumbani kichwa kimemvimba, na njia nzima alitamani mtu amuulize ni saa ngapi.

Jumanne ya wiki iliyofuata, Shangazi alimpa kazi nzito. Kila baada ya miezi mitatu daktari wa mifupa alikuja karakana kuwapima watu waliomaliza kutengenezewa miguu. Bila sahihi yake hakuna aliyeruhusiwa kuondoka na mguu, na daktari akishaondoka, ni kusubiri miezi mitatu mingine. Safari hii watu walikuwa sita. Mmoja wao alikuwa Dada Posta, mwanamke kijana aliyekuwa akipeleka barua na vifurushi mlango kwa mlango kabla ajali haijamchukua mguu wa kushoto chini ya goti. Tangu hapo alikaa chumba cha nyuma cha posta akipanga barua zitakazopelekwa na wengine. Msimamizi wake alikuwa amemwekea ile njia yake ya zamani hadi mwisho wa mwezi. Asiporudi na mguu uliokubaliwa na daktari, njia hiyo angepewa mtu mwingine moja kwa moja.

"Watumie wale watu sita ujumbe," Shangazi alisema. "Waambie daktari anakuja Jumamosi. Saa nimeshaiandika kwenye shajara asubuhi, ulipokuwa shule."

Chapchap akafungua Jumamosi. Skrini ikasema: "Saa 8:00 usiku, daktari wa mifupa, miguu sita."

Akaangua kicheko peke yake. Saa nane ya usiku daktari aje kupima nini, ndoto? Aliona mara moja kwamba mistari ya Kaka ina kasoro. Hapakuwa na mteja hata mmoja aliyewahi kuja pale usiku, basi neno "usiku" lilikuwa la nini? Akafungua faili la mipangilio, akaongeza mstari wake mwenyewe: kila palipo na "usiku", onyesha "mchana". Akahifadhi, akafungua tena. "Saa 8:00 mchana, daktari wa mifupa, miguu sita." Safi kabisa. Akachukua simu ya karakana akatuma ujumbe sita, na kabla Shangazi hajamaliza kupiga msasa kisigino kimoja, kazi ilikuwa imekwisha.

Jumatano ikapita, na Alhamisi. Ijumaa, kama saa kumi jioni, Shangazi alimwambia aache kompyuta amsaidie kupiga deki, ili sakafu iwe imekauka vizuri daktari atakapoingia kesho saa mbili.

"Saa mbili?" Chapchap aliuliza.

"Saa mbili asubuhi, kama siku zote. Saa saba anageuza. Ana safari ndefu."

 Chapchap alikwenda kwenye kompyuta kana kwamba anaifunga, akafungua faili la shajara lenyewe, sio kile kinachoonyeshwa bali kilichoandikwa. Mstari wa Jumamosi ulikuwa hivi: 2:00 daktari wa mifupa, miguu sita. Shangazi alikuwa ameandika mbili jinsi anavyoitamka mbili. Programu haikujua Kiswahili; kwake mbili ni saa mbili baada ya usiku wa manane, ikaondoa sita kama ilivyofundishwa, ikatoa saa nane usiku. Mashine haikuwa na kasoro yoyote. Ilikuwa imemwambia kwamba hapa pana jambo haliko sawa, naye akalifunika.

 Watu sita wangekuja kesho saa nane mchana na kukuta daktari ameondoka saa nzima iliyopita.

Akauvuta ukurasa wa tatu kutoka chini ya kibodi na kuukunjua. Mstari wa kwanza, kwa mwandiko mkubwa wa Kaka, ulisema: saa zote ziandikwe kwa mtindo wa ishirini na nne, na mwambie Shangazi pia.

Sasa lazima tuseme ukweli juu ya Chapchap, kwa sababu hata yeye baadaye aliusema. Jambo la kwanza lililomjia kichwani halikuwa zuri. Angeweza kurekebisha ule mstari wa saa, kuufuta ule wa "mchana", na kesho mambo yakiharibika aseme mtandao ulichelewesha ujumbe. Nani angejua? Mtandao ukisingiziwa haujitetei. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kibodi. Kisha akainua macho, akaiona ile miguu sita kwenye rafu, imesuguliwa ikang'aa, na kwenye kikaratasi cha mwisho mwandiko wa Shangazi: Dada Posta, kushoto. Akajiona mdogo sana. Akapiga moyo konde, akageuka.

"Shangazi, nimewaambia waje saa nane mchana. Wote sita."

Akaeleza yote, hadi mstari alioongeza na karatasi aliyoilaza chini ya kibodi. Hata ile habari ya kusingizia mtandao aliisema. Shangazi aliweka brashi ya deki ukutani polepole. 

"Ile mbili niliandika mimi," Shangazi alisema mwishowe. "Hilo ni langu, nalibeba. Lakini wewe mashine ilikupigia kelele, ukaiziba mdomo. Tutalizungumza baadaye. Sasa hivi ni saa kumi na robo. Lete simu."

Wakaanza kupiga, na Shangazi akataka Chapchap azungumze mwenyewe. Fundi mwashi alisema hakuna neno, yeye huamka kabla ya jogoo. Mpishi wa hoteli ilibidi abadilishane zamu na mwenzake, akalalamika kidogo, akakubali. Mlinzi wa ghala na mwanafunzi wa sekondari walijibu haraka. Mwalimu mstaafu ndiye aliyemtoa jasho: alimsomesha dakika saba juu ya kutofautisha saa mbili na saa nane, akamtaka arudie, kisha akamwambia amefanya vizuri kupiga mapema. Kufikia saa kumi na moja walikuwa wamepatikana watano. Simu ya Dada Posta ilikuwa imezimwa.

Shangazi alifungua shajara, akatafuta siku ya kwanza Dada Posta alipokuja. Chapchap alikuwa ameandika pale mahali anapokaa: nyumba ya tatu nyuma ya karakana ya baiskeli, mlango wa kijani.

"Nenda," Shangazi alisema. "Ukimkosa, niambie umemkosa. Usiniletee hadithi."

Alikwenda mbio. Akaipita karakana ya baiskeli, akahesabu nyumba mpaka ya tatu, akasimama ameduwaa. Ilikuwa nyumba ndefu ya kupanga yenye milango sita, na mwenye nyumba alikuwa ameipaka yote rangi ya kijani. Akabisha wa kwanza, akafunguliwa na mtoto anayelia. Wa pili hakukuwa na mtu. Wa tatu mzee mmoja aliitikia shikamoo yake taratibu na kumwonyesha mlango wa mwisho. Dada Posta alikuwa ndiyo kwanza anafika, magongo bado yako kwapani, na simu yake mkononi anaiwasha. Alieleza kwamba kazini simu zote hufungiwa kwenye droo.

Chapchap hakuzunguka. Alimwambia daktari anakuja asubuhi, si mchana, na kwamba ujumbe wa makosa aliuandika yeye.

Dada Posta akakaa kwenye kizingiti. "Jumamosi tunafunga saa saba, mdogo wangu. Ndiyo maana saa nane ilinifurahisha. Asubuhi magunia ya barua yanashuka, na mpangaji ni mimi peke yangu."

"Naomba unisamehe, dada."

"Kosa limeshatendeka. Umekuja na miguu yako kuniambia, na mimi nitakuja kwa wangu huu mmoja. Saa ngapi sijui. Mwambie fundi anisubiri."

Jumamosi daktari aliingia saa mbili kamili, mfuko mkononi, na kukuta watu watano wameketi kwenye benchi. Alikuwa mtu mpole asiyependa kupoteza muda. Mmoja mmoja walivaa miguu yao na kutembea kati ya vyuma viwili vya kushikia, kisha bila kushika, kisha wakapanda na kushuka ngazi nne za mbao alizozitengeneza Shangazi. Mwalimu mstaafu alipanda mara tatu, mara mbili za mwisho hakuna aliyemwomba. Daktari akatia sahihi, sahihi, sahihi. Chapchap alikuwa akishangilia kila mmoja, lakini jicho moja lilikuwa mlangoni. Saa nne. Saa tano. Saa sita.

Saa sita na nusu daktari alifunga mfuko wake. Shangazi akamwomba anywe chai kwanza, naye akasema atakunywa kikombe kimoja tu. Chapchap alikuwa hajawahi kuona mtu akinywa chai haraka namna ile. Kikombe kilikuwa nusu waliposikia magongo yakigonga barazani, na Dada Posta akaingia anahema, shati la kazi limelowa jasho.

"Msimamizi amekaa kwenye kiti changu," alisema. "Anapanga barua mwenyewe. Amenipa saa moja."

Daktari akafungua mfuko tena.

Shangazi alimvalisha mguu, akakaza mikanda, akapitisha kidole pembeni kuhakikisha haubani. Dada Posta akasimama. Hatua ya kwanza alishika vyuma kwa mikono yote miwili. Ya tano alishika kwa mmoja. Akafika mwisho, akageuka, akarudi na mikono ikining'inia ubavuni. Alipanda ngazi nne, akashuka. Daktari akamwambia inatosha, lakini yeye akaenda hadi kwenye meza ya Shangazi, akachukua mkoba wa zana, akautundika begani kama mfuko wa barua, akazunguka karakana nzima na mzigo wake bila kuyumba. Karakana ililipuka kwa vigelegele. Fundi mwashi aliyekuwa bado hajaondoka alipiga makofi mpaka plasta ikadondoka ukutani. Chapchap alilia waziwazi na hakuona haya.

Daktari akatia sahihi ya sita. Kisha akauliza kwa nini dada huyu amekuja akihema, na Chapchap, ambaye angeweza kutazama pembeni, alimweleza. Daktari hakukasirika. Aliomba kuiona hiyo shajara.

Alichokiona kilikuwa kipya. Asubuhi ile, wakati wa kumsubiri Dada Posta, Chapchap alikuwa ameusoma ukurasa wa tatu wote, pole pole, mara mbili. Mstari wake wa "mchana" alikuwa ameufuta. Sasa kila miadi ilionyesha saa kwa mitindo miwili pamoja, ya Kiswahili mbele na ya tikiti nyuma yake, hivi: "Saa 2:00 asubuhi, 08:00." Na miadi yoyote iliyoangukia usiku haikufichwa tena. Ilitokea kwa herufi nyekundu, na mbele yake swali: "Una hakika?" Alimwonyesha daktari kwa kuandika mtu wa uongo saa 3:00, na mstari mzima ukawa mwekundu. Daktari alicheka, akamwomba Shangazi nakala ya mipangilio ile, kwa sababu hospitalini kwake pia kuna watu huja saa nane kwa sababu wameandikiwa 8:00. Kaka alipopigiwa simu kuelezwa, aliuliza kama wanaweza kumtumia na yeye.

Jumatatu mchana lango la karakana liligongwa. Alikuwa Dada Posta, kofia kichwani, mfuko begani, suruali imepigwa pasi, amesimama kwa miguu miwili. Alimkabidhi Shangazi bahasha na kumtaka atie sahihi. Ilikuwa taarifa ya kukatwa maji siku ya Alhamisi, na naapa hakuna mtu aliyewahi kuipokea taarifa ya namna hiyo kwa furaha kama ile.

Walisimama langoni kumtazama akielekea nyumba ya jirani. Ndipo Shangazi alipolizungumza lile jambo aliloliweka kando siku ya Ijumaa.

"Unafikiri mbio zako ndizo zilizomrudishia njia yake?" aliuliza.

Chapchap akasema labda ni ule mpangilio mpya, wenye herufi nyekundu.

"Huo ni mzuri, na nakusifu kwa huo. Lakini ulikuja baadaye. Kilichomrudishia ni yale maneno uliyoniambia Ijumaa saa kumi jioni. Ungenyamaza mpaka asubuhi, hata ningekuwa na simu ishirini nisingewapata. Kosa likisemwa mapema linakuwa kazi ya jioni moja. Likifichwa linakuwa miezi mitatu ya mtu mwingine. Na siku nyingine ukiona jambo la ajabu kwenye skrini, au popote pale, usibadilishe linavyoonekana. Uliza kwanza limetoka wapi."

Chapchap alitaka kujibu, akajizuia, akasikiliza mpaka mwisho. Mbele yao Dada Posta alikuwa amekwisha kutoka nyumba ya jirani na sasa anapanda ngazi za nyumba ya tatu, barua mkononi.